Barua ya wazi kwa wakubwa wa Nairobi: kitisho cha gemu pia ni kitisho

Wakubwa wetu wa kaunti, wa polisi, wa leseni, wa kamari, na nyinyi mnaosimamia mashindano ya gemu hapa nchini, hamjambo.

Naandika kutoka Kayole. Niko na duka la kuchezesha gemu chini ya ploti, TV nne, PS4 tatu na PS3 moja imezeeka lakini vijana hawataki niitoe juu ya Tekken, ile gemu ya kupigana. Gemu moja ni mbao (shilingi ishirini), ukitaka saa nzima ni soo (shilingi mia). Huu ni mwaka wa saba, vijana wananiita Mathe na mimi nawajua kwa majina yao na ya mama zao, hata wale wanatoka blok za mbali. Nawaambia haya ndio mjue siandiki kama mtu ameona video kwa simu akakasirika. Naandika kwa sababu kijana nimemjua tangu akiwa darasa la tano alidungwa bisibisi begani mwezi wa nane, kwa joint ya jirani, duka la gemu kama langu, na siku mbili kabla ya hapo mimi na shangazi yake tulikuwa tumekaa kwa benchi ya kituo cha polisi tumeshika simu yenye vitisho vyote, ujumbe baada ya ujumbe, tukaambiwa hayo ni mambo ya gemu, endeni mwambie watoto wasome.

Hiyo sentensi imenikaa kichwani miezi yote hii. Mambo ya gemu.

Wacha niwaeleze ilivyoanza. Kwa joint, shida kubwa si nani amefunga nani, vijana wanajua kushindwa, wanapiga kelele wanasukumana kidogo wanacheka wanaenda. Shida ni pesa iliyowekwa juu ya mechi, na stima. Wale hamjawahi kukaa kwa joint jioni pengine hamjui, lakini mechi ya FIFA, gemu ya mpira (sisi bado tunaiita hivyo hata baada ya jina kubadilishwa) haimalizwi na refa peke yake, inaweza kumalizwa na transfoma. Sasa vijana wawili wamewekana soo tatu kila mtu, mia sita ziko mezani, mmoja anaongoza 2-1, dakika ya themanini na kitu, na stima inaenda. Giza. Hapo nani ameshinda? Anayeongoza anasema mechi ilikuwa imeisha, wa pili anasema mpira haujaisha mpaka filimbi ilie, na kila mmoja anaamini kabisa anachosema, si uwongo, na kila mmoja ako na marafiki wake nyuma wanamsukuma.

Kwangu nimeandika kwa katoni nikabandika ukutani, stima ikipotea kila mtu anarudishiwa mbao yake na Mathe hajui bet. Mtu akileta bet kwangu nachukua padi, ile ya mkononi ya kuchezea, anakaa nje mpaka kesho. Nimepoteza wateja kwa hiyo, sijali. Kwa jirani mambo ni tofauti, mwenye joint ndiye anashika pesa na kwa kila mia anakata ashu yake, shilingi kumi, kwa hivyo yeye hapendi kurudisha, akirudisha hajapata kitu. Siku hiyo alimpa pesa yule alikuwa anaongoza, kijana wetu, miaka 17. Yule mwingine, mkubwa kidogo, kama miaka 20, akasema nataka soo tatu zangu. Hakupewa. Akaanza kuandika kwa grupu ya WhatsApp ya vijana wa mtaa, ile wanapanga tonamenti zao za Jumamosi. Kwanza matusi. Halafu "nitakupata". Halafu picha ya kisu. Halafu saa anazotoka tuisheni na njia anayopitia.

Shangazi yake alikuja kwangu kwa sababu mama yake yuko Saudia anafanya kazi ya nyumba. Tukaenda kituo. Sitataja ni kituo gani, sina ugomvi na mtu mmoja, afisa aliyekuwa kwa dawati alikuwa amechoka na watu walikuwa wengi, lakini hata namba ya OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi, hatukupewa. Tulionyesha ile picha ya kisu. Akaangalia kidogo tu halafu akaturudishia simu.

Baada ya siku mbili ni ile bisibisi ya kufungulia padi ndiyo ilitumika. Ilikuwa hapo tu juu ya meza. Kijana yuko hai, namshukuru Mungu, lakini mkono wa kushoto haupandi kupita bega na amekataa kurudi shule mpaka sasa.

Nimetafuta sana kusoma baada ya hapo, usiku nikishafunga, kwa sababu nilitaka kujua kama hii ni sisi tu. Si sisi tu. Na kitu nilichoona kikanivunja moyo ni jinsi hadithi zinafanana.

Shanghai, China, 2005. Mwanaume wa miaka 41 alikuwa na upanga wa gemu, si upanga wa chuma, upanga wa ndani ya Legend of Mir 3. Akamkopesha mwenzake, mwenzake akauuza kwa yuan 7,200, pesa ya kweli. Yule mzee alienda polisi. Wakubwa, nimesoma hiyo mistari mara tatu. Alienda polisi kwanza! Wakamwambia upanga wa gemu si mali, hakuna sheria ya kuulinda. Mwenzake akawa anaahidi atalipa, siku zikaenda, mwisho akamfuata nyumbani akamdunga kisu akamuua. Alihukumiwa kifo hukumu ikaahirishwa. Simtetei, aliua mtu. Lakini mlango wa kwanza alioubisha ulikuwa wa serikali na ulifungwa, na alivyojibiwa na tulivyojibiwa sisi ni kitu kimoja, tofauti ni lugha.

Halafu Marekani, Desemba 28, 2017. Watu wawili wanacheza Call of Duty kwa intaneti, wakakosana juu ya bet ya dola moja na nusu. Dola moja na nusu. Kwa pesa yetu ya wakati ule ni kama 150, kama nusu tu ya ile soo tatu ya hapa kwetu. Mmoja akampa mwenzake adresi ya zamani, nyumba ambayo hakai tena, akamwambia nijaribu. Jamaa wa tatu kule Los Angeles akapigia polisi wa Wichita, Kansas, simu ya uwongo kwamba kwa hiyo nyumba kuna mtu ameua na ameshika watu mateka. Polisi wakafika na bunduki, mwanaume wa miaka 28 akafungua mlango wake kuona ni nini, akapigwa risasi na polisi akafa. Hakuwa anacheza hiyo gemu, hata hakuwajua hao watu. Aliyepiga simu alifungwa miaka 20 mwaka wa 2019. Huwa nawasimulia hii vijana wangu wakianza kusema "si ni soo tu Mathe, itadhuru nini", nawaona wananyamaza.

Na Jacksonville, Florida, Agosti 26, 2018. Mashindano ya Madden, ile gemu ya mpira wa Kimarekani, kwa mkahawa. Kijana wa miaka 24 aliyekuwa ameshindwa akatoa bunduki akaua wachezaji wenzake wawili, wengine kama kumi wakajeruhiwa, akajiua. Mechi ilikuwa inaenda laivu kwa Twitch, mtandao wa kuonyesha gemu, unaona kitone chekundu kwa kifua cha mchezaji, halafu video inakatika ukisikia risasi na watu wanapiga mayowe. Baadaye waathiriwa walienda kortini wakisema usalama haukutosha pale ukumbini. Sasa fikirieni Nairobi. Tangu Westgate 2013 mimi nikienda supamaketi kununua maziwa napitishiwa kile kidude cha kukagua silaha, pochi inafunguliwa. Lakini nimeenda tonamenti ya gemu kwa ukumbi wa mtaa, vijana mia na zaidi, pesa ya mshindi ziko kwa bahasha juu ya meza, na mlangoni hakuna mtu hata wa kuuliza jina. Anayeandaa amekumbuka spika na amekumbuka bango la mdhamini.

Najua mtu akisoma mpaka hapa anasema basi gemu zipigwe marufuku. Tafadhali msifanye hivyo. Nasema hivi kama mtu anakula kwa hii kazi, sawa, lakini pia kama mtu anaona wavulana kila siku. Wataalamu wa saikolojia wa Marekani, ile APA yao, 2020 walisema wazi kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuunganisha gemu zenye vita na vurugu za kweli. Na mimi sikuhitaji wao kuniambia, kwa sababu nimeona maelfu ya mechi za Mortal Kombat, ile gemu ya kupigana na damu nyingi, na hakuna aliyeng'olewa uti wa mgongo, na mtu aliyedungwa kwetu alidungwa juu ya mechi ya mpira. Korea Kusini walijaribu kufunga, 2011 wakaweka sheria mtoto wa chini ya miaka 16 asicheze gemu za intaneti kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakaingia na namba za vitambulisho vya wazazi wao, na 2021 serikali yenyewe ikatangaza inaiondoa. Hapa kwetu marufuku inakujanga na lori. Walikuja mara moja mtaa wetu, baada ya kelele fulani, wakabeba TV za watu watatu, na wale vijana hawakuenda maktaba, walienda kwa joint ya ndani kabisa huko kwa mabati ambapo hakuna mtu mzima na kuna mtu anauza vitu vingine.

Hizo joint za ndani ndizo zinaninyima usingizi. Kuna zile zinafanya trans nait. Saa nne usiku mwenye joint anafunga grili kwa kufuli kutoka nje ndio askari wa doria wakipita waone kumefungwa, vijana wako ndani mpaka alfajiri, kumi na tano, ishirini, ekstensheni moja imebeba TV sita na waya zimeshikwa na selotepu. Dirisha liko na vyuma. Wakubwa mnakumbuka shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 waliungua kwa bweni, mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Tulilia nchi nzima. Mimi nikipita hapo usiku nikiona ile kufuli nje na nasikia sauti za ndani naanza kuhesabu sekunde ngapi zingehitajika kutafuta mwenye ufunguo. Na hata bila moto, mwili unachoka, kule Daegu, Korea, 2005 mwanaume wa miaka 28 alicheza StarCraft karibu saa hamsini bila kupumzika vizuri, moyo ukasimama. Shirika la Afya Duniani sasa linatambua uraibu wa gemu kama ugonjwa. Kwa hivyo mtu asiniambie hao wa trans nait ni watoto watundu tu.

Na wasichana. Ninao wanne wanakujanga Jumamosi asubuhi, mapema kabla wavulana wajae, kwa sababu saa nane hawataki kusikia yale watasikia. Mmoja ni mkali sana kwa Tekken, anawapiga wote. Aliniambia anataka kuwa kama Sylvia Gathoni, QueenArrow, msichana wa hapa hapa Nairobi aliyekuwa anasomea sheria na 2018 akasainiwa na timu ya nje kucheza hiyo hiyo Tekken. Nilifurahi. Lakini ako kwa grupu za mtandaoni sasa, na nimeona anayoandikiwa akimshinda mwanaume, siwezi kuyaandika hapa. Februari 2021 kule São Paulo, Brazil, msichana wa miaka 19 aliyekuwa anacheza Call of Duty ya simu kwa mashindano aliuawa na mchezaji wa timu nyingine waliyejuana kwa hiyo gemu, msichana alikuwa ameenda nyumbani kwa huyo mchezaji. Sitaki kumtisha huyu wangu aache. Nataka tu akisema kuna mtu ananiandikia hivi na hivi, kuwe na mahali pa kumpeleka ambapo hataulizwa kwa nini anacheza gemu za wanaume.

Sasa ninachoomba, na ninaomba kwa heshima.

Polisi, ile kubwa ni yenu. Sheria iko tayari, hatuhitaji nyingine. Kifungu cha 223 cha Penal Code kinasema kumtishia mtu kumuua ni kosa la mpaka miaka kumi jela, iwe kwa maandishi au kwa mdomo, na hakisemi isipokuwa kama ni juu ya gemu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 nayo inataja usumbufu wa mtandaoni. Mtu akija na simu yenye picha ya kisu na jina na saa na njia, andikeni OB. Muiteni huyo kijana na mzazi wake. Mara nyingi hiyo ingetosha, nawaambia, nawajua, huyu wa bisibisi angeitwa na baba yake mbele ya afisa angelia. Sasa yuko rumande na maisha yake pia yameenda, kijana wa miaka 20, juu ya soo tatu. Mama yake hupita mbele ya duka langu akienda sokoni na sijui nimwambie nini.

Wa kamari, nyinyi sheria yenu mpya ya 2025 inasema aliye chini ya miaka 18 asibeti. Mnaangalia kampuni zilizo na matangazo kwa TV, sawa, lakini kuna mtu amekaa kwa stuli ndani ya joint anashikilia soo za watoto wa darasa la saba na anakata ashu kwa kila mia, na hiyo ni kamari, haina jina lingine. Anzieni hapo. Msianze na kijana anayecheza, anzeni na anayeshika pesa.

Kaunti, mnatupatia leseni ya biashara kama ile ya kinyozi tu, mnauliza ukubwa wa chumba mnachukua pesa mnaenda. Niulizeni maswali! Niulizeni mlango wa pili uko wapi. Kama hakuna mlango wa pili basi grili isiwe na kufuli watu wakiwa ndani, na saa nne usiku iwe mwisho, na mtu mzima anayejulikana awe ndani muda wote. Mimi mlango wa pili nilitoboa mwenyewe, landilodi alinipigia kelele wiki mbili, ilinigharimu pesa ya mwezi mzima. Wengine hawatatoboa mpaka mseme. Na leseni ikinyimwa kwa sababu ya mlango itaeleweka, lakini lori likija kubeba TV zetu zote, nzuri na mbaya, hakuna atakayetoboa kitu, tutajificha tu.

Na nyinyi wa mashindano, mnataka tuitwe esports, yaani gemu kama michezo rasmi, mnataka wadhamini, mnataka bendera ya Kenya ikienda nje. Mimi nawaunga mkono kabisa. Basi wekeni sheria ya stima kwa kila tonamenti, iandikwe kabla mechi ya kwanza kuanza, ikipotea tunafanya hivi. Ni kitu kidogo sana na sijaona tonamenti hata moja ya mtaa iliyo nayo. Wekeni mtu mlangoni. Na wekeni mtu ambaye kazi yake ni kuongea na aliyetolewa, kwa sababu mimi naona kwa macho yangu, mtu mbaya kwa joint si yule anapiga kelele akishindwa, huyo ameshatoa hasira. Ni yule anaweka padi chini polepole, haongei na mtu, anatoka. Huyo ndiye natoka nikimfuata mpaka kwa barabara, namnunulia soda, tunasimama hapo tunaangalia matatu zikipita mpaka aseme neno. Saa zingine inachukua dakika ishirini na wateja wanangoja. Sijawahi kuona mtu wa kufanya hiyo kazi kwa tonamenti kubwa.

Joint yangu iko wazi kila siku kutoka saa kumi jioni, wikendi kutoka saa tatu asubuhi. Njooni, hata mmoja wenu, msikuje na lori wala kamera, kuja kama mzazi. Kuna benchi karibu na mlango wa pili, kaeni hapo. Wikendi ikifika saa moja jioni hapa kwetu stima hupotea karibu kila mara, na ikipotea msikimbie kutoka, kaeni hapo kwa giza msikilize.

Ni mimi, Mathe wa gemu, Kayole.